Kumfuata Storm katika hadithi kubwa za zamani za X-Men: ipi uanze nayo, ipi uiruke

"Shikamoo mjomba. Huyu mtoto ndiye Storm?"

Ujumbe huo uliingia usiku kutoka kwa mpwa wangu, pamoja na picha ya ukurasa wa komiki: kasichana kenye nywele nyeupe katikati ya watu wazima waliotuna misuli, na hakuna mstari hata mmoja unaoeleza kwa nini mwanamke aliyemzoea kwenye sinema, yule anayeamuru mvua na radi katika X-Men, kikosi cha mamutanti (watu waliozaliwa na nguvu za ajabu), amegeuka mtoto wa shule. Nikamwambia anitumie na jalada. X-Tinction Agenda, mwaka 1990. Nikamjibu, "Marahaba. Ndiye. Umeingilia mlango wa uani."

Kosa si lake. Alipouliza aanzie wapi, mtu alimwambia atafute "zile kubwa", yaani zile hadithi ambazo Marvel, kampuni ya komiki za X-Men, ilikuwa ikizikata vipande na kuvigawa kwenye majarida matatu au manne kwa wakati mmoja, ili mnunuzi wa moja alazimike kununua na mengine. Niziite hadithi za kuingiliana. Kwa anayemfuata mhusika mmoja, hizo ni tamu na ni mtego. Kwa kuwa kila mtu yumo, jina la mhusika wako litakuwa juu ya jalada, lakini ukifungua ndani unaweza kumkuta kasimama nyuma ya wenzake fremu tatu, anapaza sauti mara moja, basi.

Kwa hiyo nimezipanga kwa maswali mawili tu. Je, Storm anatoka kwenye hadithi akiwa si yule aliyeingia? Na je, nitapita kurasa ngapi zisizomhusu ili nimfikie? Kama hadithi yenyewe ni nzuri au mbaya kwa ujumla, hilo linakuja baadaye. Inferno, kwa mfano, naipenda sana, na bado sitakushauri uisome kwa ajili yake.

Mwenyewe ni nani

Ororo Munroe alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, baba yake Mmarekani mpiga picha za habari. Amezaliwa New York. Wazazi wake walikufa Cairo wakati wa vita vya Suez, nyumba ikamwangukia yeye pia, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia kufungiwa mahali padogo. Alikulia mitaani Cairo akiwa mwizi, kisha akatembea kuelekea kusini hadi Serengeti, ambako watu walimchukua kuwa mungu kwa sababu alikuwa analeta mvua. Hapo Watanzania wenzangu huanza kunung'unika: Serengeti na Kenya zinatajwa kwa pumzi moja kana kwamba mpaka haupo. Tumeshazoea, tunaendelea kusoma.

Jina ndilo linanichekesha kila mara. Komiki zinasema Ororo maana yake ni "uzuri". Sisi tunasikia kitambaa nyororo, kitu laini kinachoteleza mkononi. Kwa mwanamke anayeangusha radi, nalipenda hivyo hivyo.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuchagua: kuanzia 1975 hadi 1991 X-Men iliandikwa na mtu mmoja, Chris Claremont. Miaka kumi na sita. Storm ni kati ya wahusika aliowalea kwa mkono wake, na tofauti inaonekana wazi: hadithi za kuingiliana za zama zake zinakumbuka Storm alipita wapi na ana deni gani na nani. Za baada yake zinakumbuka tu kwamba anapiga radi.

Sambamba, mti na mnyororo

Kabla ya kutoa hela, angalia hadithi imeunganishwaje. Hili ndilo linaloamua utanunua vitabu vitatu au kumi na viwili, na hakuna aliyenieleza nilipoanza.

Ziko zinazokwenda sambamba. Jina ni moja juu ya majalada yote, lakini kila timu iko na shughuli yake. The Fall of the Mutants ni hivyo. Nilijifunza kwa hasara: kibanda kimoja cha vitabu vya mitumba kilikuwa na X-Factor namba 25 peke yake, jina la Fall of the Mutants juu, nikalipa, nikarudi nyumbani, nikasoma mara mbili nikimtafuta Storm. Hamo. Ni ya adui aitwaye Apocalypse na timu nyingine kabisa.

Ziko zilizo kama mti: shina moja, na matawi unayoweza kuyaruka. Mutant Massacre na Inferno. Halafu iko minyororo, ambapo sehemu ya kwanza iko kwenye jarida hili, ya pili kwenye lile, ya tatu kwenye jingine, na ukikosa pete moja hujui aliyekufa amekufaje. X-Tinction Agenda ni mnyororo wa pete tisa. X-Cutioner's Song ni wa pete kumi na mbili.

Mutant Massacre au The Fall of the Mutants?

Ukweli ni kwamba uchaguzi mkubwa uko hapa. Nyingine zote ni za kuongezea.

Zote mbili zinamkuta Storm hana nguvu. Mwaka 1984, katika Uncanny X-Men namba 185, alipigwa na bunduki iliyotengenezwa na Forge, fundi wa kabila la Cheyenne. Risasi ilimlenga Rogue, mwenzake wa X-Men, ikampata yeye. Toleo linalofuata anagundua kwamba mwanaume anayemuuguza na ambaye ameanza kumpenda ndiye aliyeunda kile kitu. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameshanyoa kiduku na kuvaa ngozi nyeusi, na alikuwa ameshampiga kisu Callisto kwenye pambano la kugombea uongozi wa Wamorlock, wale mamutanti wanaoishi kwenye mahandaki chini ya Manhattan. Mwanzoni mwa 1986, akiwa binadamu wa kawaida, alimshinda Cyclops na kuchukua uongozi wa X-Men. Huyo ndiye Storm wa miaka hiyo: hana upepo, hana mvua, ana akili na kisu.

Mutant Massacre, mwishoni mwa 1986, inadai deni lake. Kundi la wauaji linaloitwa Marauders linaingia kwenye yale mahandaki na kuwachinja Wamorlock. Watu ambao Storm alipigania kuwaongoza, kisha akaendelea na maisha yake huko juu. Anashuka na X-Men wakiwa wamechelewa, na anashuka mahali ambapo hofu yake ya kufungiwa inamsubiri kila kona. Wenzake Colossus, Nightcrawler na Kitty Pryde wanaumizwa vibaya, na yeye asiye na nguvu ndiye wa kuamua nani anabaki na majeruhi, nani anarudi gizani. Anamtuma Wolverine akamlete mateka mmoja wa kuhojiwa. Ni amri ya jemadari, inatolewa na mtu aliyewahi kuapa kutokuua, na John Romita Jr. anauchora uso wake mgumu kiasi kwamba huna haja ya kusoma maneno.

Ukitaka kumfuata Storm tu, shika shina: Uncanny X-Men namba 210 hadi 213. Ongeza X-Factor 9 hadi 11 kama unataka kujua Angel, mmoja wa timu ya X-Factor, alipatwa na nini. Thor na Power Pack ni matawi. Namba 373 na 374 za Thor nzuri, zimeandikwa na Walter Simonson, lakini Storm hazimhusu.

Tatizo la Mutant Massacre ni kwamba kadiri inavyoendelea, kamera inamhamia Wolverine. Namba 212 na 213 watu wanazikumbuka kwa sababu ya ugomvi wake na Sabretooth, mmoja wa Marauders. Storm yuko nyumbani na majeruhi, anabeba mzigo, lakini anaubeba pembeni ya ukurasa.

The Fall of the Mutants inafanya kinyume. Uncanny X-Men 225 hadi 227, mwanzoni mwa 1988, mchoraji Marc Silvestri. Matoleo matatu. Usinunue mengine isipokuwa unataka. Yale ya New Mutants na X-Factor, timu nyingine mbili, yanajitegemea. Nakushauri tu urudi nyuma kidogo usome 223 na 224, kwa sababu huko ndiko Storm anapomtafuta Forge ili arudishiwe kilichochukuliwa, na huko ndiko anapodanganywa. Mzee Naze, mwalimu wa Forge, anamwambia kwamba Forge ameuza dunia kwa pepo. Storm anaamini. Anapomfikia anamchoma kisu, halafu ndipo anaona kwamba Forge alikuwa anajaribu kuufunga mlango, wala si kuufungua. Na Naze si Naze tena.

Adui wao, Adversary, anawatupa wote wawili kwenye dunia nyingine. Miti ipo, milima ipo, wanyama wapo. Watu hakuna. Huku Dallas X-Men wanapigana katikati ya mji ambako zama zote zimechanganyika, huku wale wawili wanakaa mwaka mzima kwa hesabu yao. Mwaka mzima na mtu uliyemchoma kisu, ambaye naye ndiye aliyekuvunja.

Halafu inakuja ile sehemu ninayoipenda kuliko zote katika komiki za X-Men. Forge alipoteza mguu Vietnam, na ule alionao ameutengeneza mwenyewe. Anaufungua. Anatoa vipuri vya mguu wake, anaunda kifaa, na kifaa kile kinamrudishia Storm nguvu zake. Hatembei vizuri tena, lakini mvua inamsikia. Halafu cha kwanza anachofanya Storm na nguvu alizozililia miaka minne ni kuzitumia kama umeme wa kuwashia mlango wa kurudia nyumbani, akijua kinachowasubiri kule. Anarudi Dallas kufa. X-Men wanane, na Madelyne Pryor, mke wa Cyclops, wa tisa, wanatoa roho zao mbele ya kamera za televisheni ili Forge aweze kumfunga Adversary. Dunia nzima inaona wamekufa. Kwamba wanarudishiwa uhai kwa siri ni habari ya kurasa za mwisho, na ndiyo inayoongoza miaka miwili inayofuata.

Kwa maswali yangu mawili, hakuna inayoifikia. Storm anaingia na hasira bila nguvu, anatoka na nguvu bila hasira, na umenunua vitabu vitano tu.

Kama moyo wako unataka zaidi uongozi na gharama yake, chukua Massacre. Ukitaka Storm mwenyewe, nafsi yake, chukua Fall.

Nyundo ya Loki

Kuna nyingine ndogo ambayo watu wanaisahau, na ni bei rahisi kuifuata kwa sababu ina vipande viwili tu, vyote vya 1985: New Mutants Special Edition namba 1 na X-Men Annual namba 9. Claremont ameandika, Arthur Adams amechora, na huyu bwana huchora kila unyoya wa farasi. Loki, mungu mwenye hila wa Asgard, makao ya miungu, ana kisasi na X-Men, na kisasi chake anakipitishia kwa Storm: anamteka, anampa nyundo iliyofuliwa na vibeti wa Asgard, anataka awe mungu wa radi mahali pa Thor.

Kumbuka ni 1985. Storm hana nguvu. Mtu anamjia na kusema, chukua, upepo huu hapa, radi hii hapa.

Isome hii kabla ya Fall of the Mutants. Swali ni lile lile, majibu mawili. Kwa Loki nguvu zinakuja kama rushwa, na mwishowe anaziacha na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa Forge zinakuja kutoka kwenye mguu wa mtu. Ukizisoma kwa mpangilio huo, ile ya pili inakuwa nzito maradufu. Hasara yake ni kwamba sehemu kubwa ya kipande cha kwanza ni ya vijana wa New Mutants waliotawanyika kila pembe ya Asgard, na kama huwajui utakuwa unauliza nani ni nani. Vumilia, michoro inalipa.

Secret Wars ya 1984 na 1985, toleo kumi na mbili za Jim Shooter, nayo inamtaja Storm akiwa kiongozi wa X-Men, na inaonyesha anavyochukia Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anapomnyang'anya usukani bila kumuuliza. Fremu hizo zina ukweli. Lakini ni chache, na zilizobaki ni za Doctor Doom na mavazi mapya ya Spider-Man. Ukiipata bure, soma.

Kisiwa cha pwani yetu

Sasa X-Tinction Agenda, ile ya mpwa wangu.

Kwa nini ni mtoto? Mwaka 1989, katika Uncanny X-Men namba 248, Storm anaonekana kufa wakati maadui Nanny na Orphan-Maker wanapowavamia X-Men. Baadaye tunagundua hakufa, amefanywa mtoto, na kumbukumbu zake hazijakaa sawa. Namba 265 hadi 267 zinamkuta Cairo, lakini si ile ya Misri. Ni Cairo ya jimbo la Illinois, Marekani, na kule anarudia kazi yake ya utotoni, wizi. Hapo ndipo anapokutana na mwizi mwenzake Gambit, namba 266. Hayo matoleo matatu si ya kuingiliana na mtu, na kwa maoni yangu yanamwonyesha Storm vizuri kuliko X-Tinction Agenda nzima. Nilimtumia mpwa wangu orodha hiyo usiku ule ule: rudi nyuma, anza na hizi, ndiyo uendelee.

Mnyororo wenyewe unakwenda hivi: Uncanny X-Men 270, New Mutants 95, X-Factor 60, kisha unarudi Uncanny 271, New Mutants 96, X-Factor 61, halafu mzunguko wa tatu. Tisa, na huwezi kuruka. Askari wa Genosha wanamteka Storm pamoja na vijana kadhaa wa New Mutants, wanawavusha hadi kisiwani. Genosha ni kisiwa cha kubuni kilichowekwa Bahari ya Hindi, pwani ya mashariki ya Afrika, kaskazini mwa Madagaska, yaani maji yale yale ya Komoro na Shelisheli. Utajiri wake umejengwa juu ya mamutanti waliogeuzwa watumwa: wananyolewa nywele, wananyang'anywa jina, wanapewa namba, wanavalishwa vazi ambalo halivuliki. Kilipoingizwa mwaka 1988 kila msomaji alielewa kinasemea Afrika Kusini ya makaburu, na X-Tinction Agenda ilianza kutoka mwaka ule ule Mandela alipotoka gerezani.

Storm anapitishwa kwenye mtambo huo. Mwanamke mwenye mizizi Kenya anafanywa mtumwa mwenye namba, kisiwani, mbele ya pwani yake mwenyewe. Fikiria ni nini mwandishi angeweza kufanya na hilo. Na hapa ndipo ninapokuwa na kinyongo, kwa sababu hakuna kinachofanywa. Hakuna jahazi, hakuna anayekumbuka kwamba bara liko hapo ng'ambo, hakuna hata fremu moja inayomwonyesha Storm akijua kwamba upepo huo wa kusi anaufahamu. Biashara ya watumwa ilipita kwenye bahari hii hii. Hadithi inaichukua Bahari ya Hindi kama mahali ambapo Wamarekani hawatauliza maswali.

Alama zake nzuri nazitoa kwa haki. Anatoka mtu mzima tena, na nguvu zake na akili yake. Kwa hiyo kwa swali langu la kwanza inafaulu, hata kama mabadiliko yanatokea mtamboni na si ndani yake. Jim Lee alichora sehemu za Uncanny, na hizo ndizo zilizomvutia mpwa wangu. Lakini kila ukigeuza pete ya mnyororo unakutana na mkono mwingine: Rob Liefeld huku, Jon Bogdanove kule. Adui Cameron Hodge ni kichwa cha mtu juu ya mashine kubwa yenye miguu mingi, na kila mchoraji anaihesabu miguu anavyotaka. Ukihama kutoka sehemu moja kwenda nyingine ni kama steringi amebadilishwa katikati ya filamu.

Chagua X-Tinction Agenda kama Genosha yenyewe inakuvutia, au kama umeshapita 265 hadi 267 na unataka kujua mtoto yule anakuaje. Usianze nayo. Mpwa wangu shahidi.

Zilizobaki, kwa haraka

Inferno, 1988 na 1989: Manhattan inageuka jehanamu, lifti zinakula watu, na steringi ni Madelyne Pryor. Storm ni kiongozi wa kikosi tu. Jambo moja la kwake lipo, katika Uncanny X-Men 242: anakutana tena na Jean Grey, rafiki aliyemlilia tangu 1980 akiamini amekufa. Kwa fremu hizo peke yake inastahili kuazima, si kununua.

X-Cutioner's Song, mwishoni mwa 1992: Claremont ameshaondoka, waandishi ni watatu, hadithi ni ya Cable, Stryfe, Cyclops na Jean. Storm anaongoza nusu ya X-Men na hana la kuamua. Vitabu kumi na viwili. Viliuzwa kwenye mifuko ya plastiki vikiwa na kadi ndani, na nakala moja niliyonayo bado imo kwenye mfuko wake. Nilisoma hadithi yenyewe kwenye mkusanyo wa kuazima na sijaona sababu ya kuuchana.

Kuna wakati alivuka hadi kampuni nyingine. Mwaka 1982 X-Men walikutana na New Teen Titans wa DC katika kitabu kimoja cha Claremont na Walter Simonson, Darkseid akiwa adui. Ni burudani tupu na Storm anapata nafasi ya haki, ila kwa kuwa ni mali ya kampuni mbili, kwa miaka mingi kilikuwa adimu. Na mwaka 1996, katika Marvel dhidi ya DC, mapambano matano makubwa yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Storm alipangwa na Wonder Woman. Wonder Woman alikuwa ameiokota nyundo ya Thor, akaiweka chini ili pambano liwe la haki, na Storm akashinda kwa radi. Mashabiki wa Wonder Woman hawajasamehe mpaka leo. Hadithi ni nyepesi, mhusika habadiliki hata chembe, lakini nani anakataa kuona mtu wake ameshinda uchaguzi?

Kitabu cha mkono, mkusanyo, au simu

Ukiacha zile mbili za pamoja na DC, hizi zote zimekusanywa kwenye vitabu vinene, na zinapatikana pia kwenye programu ya Marvel Unlimited kwa malipo ya kila mwezi. Umbo la hadithi ndilo likuamulie. Kwa mnyororo kama X-Tinction Agenda, chukua mkusanyo. Kutafuta matoleo tisa moja moja ni kazi ya kichaa. Kwa Fall of the Mutants ni kinyume. Mkusanyo wake ni mnene kwa sababu umebeba timu zote tatu na vitu vya pembeni, na wewe unahitaji matoleo matano. Nunua hayo moja moja ukiyaona, au yasome kwenye programu kisha uifute.

Tahadhari ya simu: Claremont anapenda maneno. Viputo vyake vimejaa mpaka pembeni, mhusika anaruka kutoka ghorofani huku anaeleza maisha yake. Kwenye karatasi ni raha. Kwenye kioo kidogo utakuwa unavuta ukurasa kwa vidole viwili kila fremu, na baada ya toleo moja macho yanauma. Kishikwambi kikipatikana, azima.

Kwa hiyo mpango niliompa mpwa wangu ulikuwa huu: 185 na 186 ili ajue bunduki ilitoka wapi, kisha vile viwili vya Asgard, kisha Mutant Massacre shina tu, kisha 223 hadi 227. Baada ya hapo, kama bado ana hamu, Cairo ya Illinois na kisiwa. Inferno akiipata kwa rafiki.

Alikaa kimya wiki mbili. Nikadhani ameacha. Juzi, saa tano usiku, simu ikalia: picha ya ukurasa, kifaa kimeundwa, Forge amekaa chini, na chini yake maneno matatu tu.

"Mjomba, mguu wake!"